Kamera ya mtumba: nikague nini kabla ya kulipa?

Swali: Wakuu, nimeona Nikon D3500 ya mtumba Kariakoo, ina lenzi ya 18-55. Nikague nini?

Jibu: Mkuu, vua lenzi, sukuma kijiti cha nyuma yake tundu la kupitishia mwanga lifunguke, kisha mulika ndani kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni fangasi, iache hapohapo. Halafu rudisha lenzi upige picha ya ukuta mweupe kwa f/22 (tundu dogo kabisa): madoa yanayorudi palepale kila picha ni vumbi la sensa (kile kipande kinachonasa picha), linasafishika.

Jibu: Bodi hiyo (kamera bila lenzi) haina mota ya fokasi, ya kuifanya picha iwe kali yenyewe. Ukiongeza lenzi ya 50mm, chukua AF-S f/1.8G, ina mota yake ndani. Ile ya AF-D haina, fokasi utazungusha kwa mkono.

Jibu: Unyevu wa Dar ndio unaoleta fangasi. Hifadhi kwenye kopo linalobana, na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu) ndani.