Virutubisho vya maji kwa saladi ya ndani ya nyumba: nichague vipi na nipime kiasi gani?

Mkulima wa Ghorofani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninakuza saladi na rihani katika chumba kimoja cha nyumba yangu hapa Dar es Salaam, chini ya taa za LED, kwenye mabeseni ya lita 20 yenye vifuniko, ambamo mizizi inaning'inia ndani ya maji yanayopulizwa hewa na pampu ndogo ya tangi la samaki. Virutubisho ninavyotumia ni vya chupa mbili, A na B. Lebo ya A inasema naitrojeni asilimia 4 na kalsiamu asilimia 4. Lebo ya B inasema naitrojeni asilimia 1, P2O5 asilimia 4, K2O asilimia 6 na magnesiamu asilimia 1, pamoja na madini madogomadogo ambayo viwango vyake havikutajwa. Kipimo kilichoandikwa ni mililita 5 za kila chupa kwa lita 1 ya maji, nami ninakifuata hivyo hivyo.

Maji yangu ni ya kisima. Kipimo cha kalamu kinaonyesha ppm (sehemu kwa milioni) 550 kwa maji matupu na ppm 1,550 baada ya kuchanganya, na pH (kipimo cha uasidi) ya mchanganyiko ni 7.4. Miche huanza vizuri, lakini ikishaanza kutanuka, kingo za majani ya nje hukauka na kuwa za kahawia, huku majani machanga ya katikati yakipauka na kuwa manjano ilhali mishipa yake inabaki ya kijani. Muuzaji wa duka la pembejeo amenishauri niongeze busta yenye madini ya chuma. Jirani yangu, kwa upande wake, anasema niachane na chupa zote nitumie maji ya samadi ya kuku. Naomba kujua kama nimechagua aina sahihi ya virutubisho, na kama kipimo cha kwenye lebo ndicho ninachopaswa kukifuata.

Bwana Shamba Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkulima, nakushukuru kwa kuleta namba pamoja na swali, kwa sababu bila namba tungebaki kubahatisha. Nianze na lebo. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kinatolewa na mtengenezaji ambaye hajui maji yako yana nini, hajui unapanda nini, wala hajui taa zako zina nguvu kiasi gani. Kichukue kuwa ndicho kiwango cha juu kabisa, si mahali pa kuanzia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Asilimia 1 katika mbolea ya maji, iwapo imepimwa kwa uzito katika ujazo, ni sawa na miligramu 10 katika kila mililita. Kwa hiyo mililita 5 za A na mililita 5 za B zinakupa miligramu 250 za naitrojeni na miligramu 200 za kalsiamu katika kila lita. Fosforasi na potasiamu zinahitaji hatua moja zaidi, kwa kuwa lebo huzitaja katika umbo la P2O5 na K2O: ukizidisha P2O5 kwa 0.44 na K2O kwa 0.83, utapata takriban miligramu 88 za fosforasi na 249 za potasiamu kwa lita. Mchanganyiko maarufu wa Hoagland na Arnon, uliotolewa Chuo Kikuu cha California mwaka 1938 na ambao watafiti bado wanautumia kama msingi, una naitrojeni miligramu 210, potasiamu 235, kalsiamu 200 na fosforasi 31 tu kwa lita, na hata huo wakulima wengi wa saladi huupunguza hadi nusu. Unaona basi kwamba unailisha saladi chakula kinachomfaa mnyanya uliojaa matunda.

Sasa tuje kwenye kipimo chako cha kalamu. Namba ya ppm haina maana mpaka ujue kifaa kinatumia skeli ipi, kwani kifaa hakipimi virutubisho. Kinapima jinsi umeme unavyopita kwenye maji, yaani EC (kwa mS/cm), kisha kinazidisha kwa 500 au kwa 700 kulingana na kiwanda. Tafuta kimiminika cha kusawazishia cha EC 1.413 na utumbukize kalamu yako humo. Ikionyesha karibu 707, skeli yako ni ya 500. Ikionyesha karibu 989, ni ya 700. Kama ni ya 500, basi maji yako ya kisima yana EC 1.1 kabla hujaweka kitu chochote, na mchanganyiko wako umefika 3.1. Saladi hustawi vizuri kati ya 0.8 na 1.6, na rihani haihitaji zaidi sana ya hapo. Kukauka kwa kingo za majani ya nje ndiyo dalili ya kawaida ya chumvi kuzidi kwenye mizizi.

Kupauka kwa majani machanga huku mishipa ikibaki ya kijani ni dalili ya mmea kukosa chuma, lakini tafadhali usikimbilie kuongeza chuma. Chuma kipo kwenye chupa. Kinachokizuia ni pH ya 7.4. Bidhaa nyingi hufunga chuma kwa kemikali iitwayo EDTA, ambayo huanza kukiachia pH inapopita takriban 6.5, na chuma kilichoachiwa hugeuka kutu isiyoyeyuka. Ukishusha pH hadi kati ya 5.8 na 6.2, majani mapya yatatoka ya kijani bila busta yoyote. Yaliyokwisha kupauka huchelewa kurudi, kwa hiyo hukumu matokeo kwa majani mapya.

Kuhusu aina: umechagua vizuri. Chupa mbili zipo kwa sababu kalsiamu ikikutana na salfeti na fosfeti zikiwa bado nzito huganda na kuwa unga mweupe ambao mmea hauwezi kuunywa. Busta nyingi za dukani zimetengenezwa kwa kupuliziwa majani shambani. Mara nyingi naitrojeni yake ni ya urea, ambayo kwenye maji matupu yasiyo na bakteria wa kutosha mizizi huitumia kwa shida, na nyingi hazina kalsiamu kabisa. Chupa inayofaa kwa haidroponiki, yaani kilimo cha kwenye maji bila udongo, ni ile ambayo sehemu kubwa ya naitrojeni yake ni naitreti, inayotaja kalsiamu na magnesiamu waziwazi, na inayoorodhesha chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni na molibdenamu. Hiyo yako ingefaa kutaja viwango vya madini madogo, na ningemuuliza muuzaji kwa nini havipo. Hapa Tanzania kila mbolea inapaswa kuwa imesajiliwa na TFRA (Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania) chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, kwa hiyo una haki ya kuuliza.

Mama Rihani aliandika:

Naunga mkono aliyoyasema Bwana Shamba, na ningependa kuongezea jambo la maji yenyewe, kwani kwa maoni yangu ndipo penye tatizo kubwa kuliko chupa. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi ya kawaida, na sodiamu hiyo saladi haiili isipokuwa kidogo sana. Kila mmea unapokunywa maji, sodiamu inabaki nyuma na kuongezeka. Changanya maji ya kisima na maji ya mvua, au maji yaliyochujwa kwa mtambo wa RO (unaosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia chumvi), nusu kwa nusu. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo hayana chumvi, lakini yanapita kwenye mapezi ya alumini na mabomba ya shaba, hivyo mimi siyatumii kwa mboga za kuliwa.

Jambo la pili ni joto. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5 tu, na ugonjwa wa kuoza mizizi hupenda hali hiyo. Inua kifuniko uangalie mizizi: myeupe na imara ni mizima, ya kahawia, yenye utelezi na harufu mbaya imeanza kuoza, na hapo hakuna kipimo cha mbolea kitakachokusaidia. Beseni liwe la rangi isiyopitisha mwanga, likae sakafuni mbali na taa, na pampu isizimwe usiku.

Weka pia feni ndogo inayopuliza juu ya majani. Saladi ya ndani huungua ncha za majani ya katikati kabisa hata kalsiamu ikiwa tele ndani ya maji, kwa kuwa kalsiamu hupanda pamoja na maji yanayovutwa na majani yanapotoa mvuke, na pale katikati hewa haitembei. Tofautisha hali hiyo na kingo za majani ya nje zinazokukauka sasa. Zinafanana machoni, lakini tiba zake hazifanani.

Mkulima wa Ghorofani aliandika:

Nawashukuru sana, Bwana Shamba na Mama Rihani. Nimepata kimiminika cha kusawazishia, na kalamu imeonyesha 705, kwa hiyo skeli ni ya 500. Mizizi ni myeupe, ila chini ya mabeseni nimekuta utando mweupe wa unga laini. Nimeshangaa, maana chupa A na B sijawahi kuzichanganya zikiwa nzito. Naweka A kwenye maji, nakoroga, ndipo naweka B. Naomba pia mnielekeze nishushe pH kwa kitu gani. Nyumbani nina siki na ndimu, na fundi wa magari jirani amejitolea kunipa maji ya betri.

Kijani wa Nairobi aliandika:

Naomba niseme neno kuhusu samadi, kwa sababu jirani yako hajakosea kabisa. Maji ya samadi ya kuku hufanya kazi nzuri kwenye udongo, ambako vijidudu huvunja naitrojeni yake kuwa naitreti kabla mizizi haijaifikia. Kwenye beseni la maji vijidudu hivyo ni haba, amonia hujikusanya, oksijeni huisha, na chumba kinanuka. Tena kwa mboga inayoliwa mbichi kuna hatari ya vimelea. Ukipenda kuitumia, itumie nje, kwa mimea ya vyungu isiyoliwa mbichi.

Ikiwa gharama ya chupa inakusumbua, fahamu kwamba sehemu kubwa ya unachonunua ni maji. Hapa Nairobi wengi wetu tunanunua kalsiamu naitreti ya unga inayotumika kwenye vitalu nyumba (greenhouse) vya maua na mboga, ambayo ina naitrojeni asilimia 15.5 na kalsiamu asilimia 19, kisha tunanunua mbolea ya NPK inayoyeyuka yenye madini madogo, na magnesiamu salfeti. Gramu moja ya kalsiamu naitreti kwa lita inatoa miligramu 155 za naitrojeni na 190 za kalsiamu, kwa hiyo nusu gramu inatosha saladi. Utahitaji mizani inayosoma gramu moja moja au chini ya hapo, kwani kijiko si kipimo. Lakini kwanza maliza chupa ulizo nazo na ujifunze namna mimea yako inavyokula, ndipo uhamie kwenye unga.

Bwana Shamba Mstaafu alijibu:

Utando huo umetokana na pH ya juu pamoja na maji magumu. Hata ukichanganya kwa utaratibu sahihi, kwenye pH ya 7.4 kalsiamu na fosfeti nyingi kiasi hicho huanza kuganda polepole. Maana yake sehemu ya fosforasi na kalsiamu uliyoilipia imelala chini ya beseni. Mwaga mchanganyiko huo, osha mabeseni, na uanze upya.

Maji ya betri usiyaguse kwa kazi hii. Yana asidi kali ya salfuriki, na yaliyokwisha kukaa ndani ya betri yana risasi, nayo mboga hii mnaila nyumbani. Siki na ndimu zinashusha pH kwa siku moja au mbili tu, kisha bakteria huzila asidi zake na pH hupanda tena, huku maji yakichafuka. Nunua kishusha pH cha asidi ya fosforiki kinachouzwa kwa haidroponiki. Vaa glavu na miwani, tia asidi kwenye maji na kamwe usitie maji kwenye asidi, ongeza kidogo kidogo kwa bomba la sindano, koroga, subiri dakika 15 na upime tena. Maji ya kisima yana bikaboneti inayopigana na asidi, kwa hiyo usishangae namba ikirudi juu kidogo kesho yake, ongeza tena. Ukishachanganya na maji ya mvua, bikaboneti itapungua kwa nusu na asidi itakayohitajika itapungua pia.

Kwa beseni lako la lita 20, fanya hivi. Weka lita 10 za kisima na lita 10 za mvua. EC itakuwa karibu 0.55. Tia mililita 40 za A, yaani 2 kwa lita, ukoroge, kisha mililita 40 za B. Kwa kuwa mililita 5 zilipandisha EC yako kwa 2.0, mililita 2 zitaipandisha kwa takriban 0.8, na utafika karibu 1.35. Malizia kwa asidi hadi pH 6.0. Kwa miche ambayo bado haijatoa majani manne, tumia nusu ya hapo.

Pima kila asubuhi kabla ya kuongeza chochote. Maji yakipungua na EC ikapanda, mimea inakunywa zaidi ya inavyokula, basi ongeza maji ya mvua matupu. Maji yakipungua na EC nayo ikashuka, ongeza mchanganyiko uliokamilika. Usiongeze dozi kwa sababu tu mimea inakua polepole. Chini ya taa dhaifu mmea hauwezi kula zaidi, na hapo kinachohitajika ni saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku au taa bora. Kalamu nayo haitofautishi sodiamu na potasiamu: beseni linaweza kusoma 1.35 wiki baada ya wiki huku chakula kikiisha na chumvi ya kisima ikichukua nafasi yake. Kwa hiyo badilisha maji yote kila baada ya wiki mbili hata kama namba zinaonekana nzuri, na yale ya zamani umwagilie migomba au maua ya nje.