Naomba ushauri: moshi wa moto wa mlimani na mzazi mwenye pumu
Ndugu zangu, mama yangu ana pumu na anaishi Marangu, chini kidogo ya msitu wa Kilimanjaro, ambako Oktoba, kabla ya mvua za vuli, hunitia hofu: mwezi huo moto mkubwa uliwaka mlimani mwaka 2020, ukianzia Whona, mahali wanapopumzika wapandaji, na tena 2022 karibu na kambi ya Karanga. Usiku upepo hushuka kutoka mlimani, na moshi ukiwepo hupenya kati ya ukuta na bati. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii chembe zake ndogo. Je, nimhamishie mjini mapema, au chumba kimoja kilichozibwa vizuri kinatosha? Naye (wazee wetu mnawajua) hataki kuwaacha ng'ombe wake. Aidha, mgeni wetu amelipia kupanda mlima mwezi huo. Njia zikifungwa, amwulize nani kuhusu fedha zake?