Sampuli zinatoka na tope, majibu ya metali ya risasi (lead) yanaruka. Shida ni kisima au ni sisi?

chupa_tupu:
Wakuu habari zenu. Nipo kwenye timu inayochukua sampuli za maji ya chini ya ardhi, eneo lilikuwa depo ya mafuta zamani, visima vya uchunguzi ni vile vya bomba la plastiki la milimita 50. Tunatumia beila, ile ya kutumbukiza kwa kamba, tunatoa maji mara tatu ya ujazo wa kisima halafu ndo tunajaza chupa. Sasa kuna kisima kimoja maji yanatoka kahawia kila mara na majibu ya risasi hayaeleweki, raundi hii iko chini ya kikomo, raundi inayofuata imepaa, na visima vya jirani vimetulia tu. Mwenye eneo anauliza kama uchafuzi unasambaa na sina la kumjibu. Chupa za metali zinatoka maabara zikiwa na asidi ndani tayari, hilo lina mchango wowote?

maji_taratibu:
Lina mchango mkubwa sana mkuu. Risasi inapenda kushika kwenye chembe za udongo, wewe ukitumbukiza beila unakoroga tope lote la chini, tope linaingia kwenye chupa, asidi ya naitriki inashusha pH chini ya 2 na kuibandua ile risasi kwenye udongo, kwa hiyo maabara inakupimia tope ulilolikoroga wewe, sio maji yanayotembea ardhini. Siku ukishusha beila kwa upole namba inashuka, siku una haraka inapanda.

Tafuta pampu ya mwendo mdogo. Mdomo wa mpira uweke usawa wa katikati ya skrini, pale bomba lilipo na matundu, vuta mililita 100 hadi 500 kwa dakika na kina cha maji kisishuke zaidi ya sentimita 10 hivi. Kila dakika 3 hadi 5 soma mita. Vipimo vitatu mfululizo vikikaa pamoja, yaani pH ndani ya 0.1, upitishaji umeme ndani ya asilimia 3, redoksi (uwezo wa maji kuchukua au kutoa elektroni) ndani ya milivolti 10, oksijeni na ukungu wa maji ndani ya asilimia 10, hapo jaza chupa. Na ule mzigo wa maji machafu ya kutupa unapungua, maana bomba lako linabeba karibu lita 2 kwa kila mita ya maji, zidisha mara tatu uone mapipa unayojaza bure.

Mama_Maabara:
Naongezea kwa upande wetu tunaopokea. Kwa risasi chukua chupa mbili, moja ya jumla, yaani isiyochujwa, na moja iliyochujwa kwa filta ya mikroni 0.45, na uchuje palepale kisimani KABLA maji hayajagusa asidi. Watu wanatuletea maji yenye asidi wanasema tuwachujie, jamani, risasi imeshayeyuka, tunachuja nini tena? Ila filta isiwe njia ya kukwepa kuvuta taratibu.

Halafu hapo palikuwa na mafuta kwa hiyo benzini, ile kemikali ya kwenye mafuta inayopotelea hewani haraka, lazima mnaipima. Chupa zake ndogo za mililita 40 zijazeni kwanza kabla ya metali, msizichuje kabisa, na msifurishe maana mtamwaga asidi iliyomo. Jaza mpaka maji yavimbe kidogo juu ya mdomo, funga, igeuze kichwa chini, igonge kwa kidole. Ukiona kipovu kinapanda, chukua chupa nyingine, benzini inakimbilia kwenye hiyo hewa. Weka kwenye barafu mara moja, isizidi nyuzi 6, na zitufikie mapema maana zikiwa na asidi tuna siku 14 tu tangu uchukue.

chupa_tupu:
Asanteni sana, hii ya filta kabla ya asidi nimeiandika. Ila hicho kisima ni kizito kujaa, hata ukivuta kidogo maji yanashuka. Na mwenye eneo nimwambie nini?

maji_taratibu:
Punguza mpaka mililita 100 au chini kidogo, usikikaushe, maji yakiporomoka kwenye skrini yanabeba hewa na benzini inaondoka. Kikikauka hivyohivyo, subiri maji yarudi ya kutosha chupa zako uchukue, kwa kawaida ndani ya saa 24. Na ukishamaliza sampuli, SIO kabla, shusha tepu ya uzito mpaka chini ulinganishe kina na kumbukumbu za uchimbaji. Kama kimepungua sana kuna tope limejaa, kisima kinahitaji kusafishwa upya na kuachwa kitulie kabla ya raundi nyingine.

Mwenye eneo mwambie ukweli kwamba zile namba za beila hazithibitishi kusambaa wala kutosambaa. Raundi ijayo chukua kwa pampu kwanza halafu kwa beila siku hiyohiyo, kisima hichohicho, peleka zote. Na kwenye ripoti andika wazi kwamba njia imebadilika, maana risasi ikishuka kuna mtu atashangilia kwamba eneo limejisafisha, na kama kuna watu wanakunywa maji upande mteremko yanakoelekea, hilo neno likitoka kwenye ripoti yenu ni hatari kwao.