Mwanangu ameniomba nimshonee begi la kukimbia nalo vita vikija. Nimweleze habari za dunia kwa kiasi gani?

MamaCherehani:

Habari zenu wazazi wenzangu. Kuna jambo linaninyima raha, naomba tushauriane.

Mimi ni fundi cherehani na kazi naifanyia nyumbani. Redio huwa wazi kutwa, maana mikono ina kazi lakini masikio yako huru, na mimi tangu zamani ni mtu wa kufuatilia habari. Ukraina mwaka 2022, Sudan Aprili 2023, Gaza Oktoba mwaka huohuo, na mengine mengi katikati. Watoto wanapita, wanakaa chini ya meza wakichezea vipande vya vitambaa, na huwezi kujua sikio limeokota nini.

Juzi wa katikati, ana miaka 7, kaniletea kipande cha jinzi. "Mama, nishonee begi. Mkanda uwe mrefu, upite hapa." Akajipimia kwa kidole kutoka bega la kulia hadi kiuno cha kushoto. "Ili lisidondoke nikikimbia." Nikamuuliza anakimbia kwenda wapi. Akajibu bila hata kubadilika sura: "Vita vikija." Vya kuweka ndani alikuwa ameshavipanga kitandani: tochi, sweta la mdogo wake wa miaka miwili, na ile picha yetu sote iliyokuwa ukutani.

Kitambaa nimeshakikata, ila kukiunga mkono unasita. Nikimshonea, si nimemthibitishia kwamba vita vinakuja? Nisipomshonea, atabaki na tochi yake chini ya mto.

Mume wangu anasema dawa ni kuzima redio, basi. Mama mkwe anasema vita vilikuwepo hata zamani, tofauti watoto hawakuambiwa. Nawaheshimu wote wawili, lakini moyo wangu haukubali. Sitaki kulea watoto wasiojua kwamba kuna watoto wenzao wanalala nje usiku huu. Na sitaki mtoto wa miaka 7 alale amevaa viatu. Nataka yote mawili na sioni njia inapita wapi.

Halafu kuna dada yao, miaka 13. Huyo haogopi, ana hasira. Anaona video kwenye simu, ananiuliza, "Mama, kama kila mtu anaona, kwa nini hakuna anayezuia?" Nami ninayesikiliza redio kutwa nzima nakosa jibu.

MwalimuMstaafu:

Mama, pole. Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, na hilo la begi halinishangazi.

Anza kwa kumuuliza yeye kabla hujamweleza chochote. Muulize, "Vita viko wapi?" Umsikilize tu. Mtoto wa umri huo bado hajashika vizuri umbali wala muda. Sauti ya redio iko chumbani, basi na vita viko chumbani. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, televisheni zilirudia picha za zile ndege mara kwa mara, na kukawa na watoto wadogo waliodhani kila marudio ni ndege nyingine imegonga jengo jingine. Kwao haikuwa habari ya jana.

Mchukulie ramani. Mwekee kidole nyumbani, kingine kule kwenye vita, katikati mwonyeshe bahari, milima, nchi moja moja. Usimpe mhadhara, sentensi mbili tatu zinatosha, kisha subiri. Swali la pili ndilo huwa swali lenyewe.

Na begi mshonee. Kaomba kitu cha kufanya kwa mikono yake, si kila mtoto mwenye hofu huweza hivyo. Wengine hukaa na hofu tumboni na asubuhi wanasema tumbo linauma, hawaendi shule.

BabaWaPacha:

Mwalimu, kwa heshima yote, hapo kwenye begi tunaachana. Ukimshonea umesaini kwamba hofu yake ni kweli. Mimi nisingeshona.

Na shemeji yetu hajakosea kuhusu redio. Baada ya milipuko ya mbio za marathoni za Boston mwaka 2013, watafiti waliwauliza watu wazima wa Marekani jinsi walivyofuatilia habari katika wiki iliyofuata. Waliokaa na habari hizo saa sita au zaidi kwa siku walieleza dalili kali za msongo kuliko hata waliokuwa pale pale kwenye tukio. Nao ni watu wazima! Dada, wewe unashona huku masikio yako vitani kutwa nzima. Mtoto hasikii redio tu, anakusoma wewe uso wako taarifa inapoanza.

Habari usiziache, zipunguze. Taarifa moja asubuhi wakishatoka inakutosha kujua dunia imeamkaje. Saa zote zinazobaki ni yaleyale yakirudiwa na watu wawili wakibishana.

Nilipita_Huko:

Nimesoma mara mbili kabla ya kuandika.

Mimi nilikimbia vita nikiwa mtoto. Sitasema wapi. Nataka tu mama aangalie tena orodha ya mwanawe, kwa sababu nyote mmeangalia begi. Tochi ni yake. Lakini sweta si lake, ni la mdogo wake. Na picha ni ya familia nzima. Huyo mtoto hajiandai kujiokoa mwenyewe, kajipa kazi ya kuwaokoa ninyi. Amekaa peke yake akafikiri nani atambebea mdogo wangu sweta, akaona hakuna aliyepanga, akapanga yeye.

Kwa hiyo msimwambie "haiwezi kutokea." Watoto wanajua mtu mzima anapoahidi asichokimiliki. Mwambie nani anafanya nini. "Mdogo wako nabeba mimi. Nguo zake ni kazi yangu. Baba anashika mkono wako. Kazi yako wewe ni kushika mkono wa baba." Usiku ule tulipotoka mama yangu alinipa kazi moja tu, nishike pindo la gauni lake nisiachie, na hadi leo nakumbuka kitambaa kile kati ya vidole kuliko nakumbuka milio. Niliogopa, ndiyo. Ila sikuwa na mzigo wa kufikiria wengine.

Begi sioni kama lina neno. Mshonee, lakini sweta lirudishe kabatini wewe mwenyewe, mbele yake, na umwambie kwa nini.

Mama_wa_Wasichana:

Naomba niseme kuhusu huyu wa 13, naona anasahaulika.

Huyo usimchanganye na mdogo wake. Mdogo anaogopa kinachosikika, huyu anafikiri kinachowezekana, na anaona dunia haina haki. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Novemba 20, 1989, unampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu na haki ya kupata habari, na papo hapo unataka alindwe na habari zinazomdhuru. Vyote viwili, kama unavyotaka wewe.

Kwangu nilichofanya ni kukaa naye, simu katikati yetu. Tunaisimamisha video tunaulizana: nani kaiweka? Lini? Sauti ni ya hapo au imewekwa juu? Vita vya Ukraina na vya Gaza vyote vilizalisha video za michezo ya kompyuta zikisambazwa kama mapigano ya kweli, na picha za miaka ya nyuma zikapewa tarehe mpya. Binti akijua hilo haangalii tena kwa moyo uleule. Halafu ingia kwenye mipangilio, zima ile video kujicheza yenyewe. Hilo ni la lazima, maana picha mbaya zaidi ni ile ambayo hakuichagua.

Najua Australia tangu Desemba 10, 2025 imezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na wazazi wengi wanaitamani sheria hiyo. Mimi sipingi. Lakini picha itamfikia hata kwa simu ya rafiki, na swali lake atakuja nalo kwako.

MamaCherehani:

Asanteni sana. Nilipita_Huko, nimelia, kisha nikaenda kulitoa lile sweta. Nilimwambia hivyohivyo, mdogo wako nabeba mimi. Akaniangalia muda, akauliza, "Na ukiwa umechoka?" Nikamwambia baba atapokezana nami. Akasema haya. Picha akairudisha ukutani mwenyewe. Begi nimelimaliza, mkanda umepita pale alipotaka, na sasa lina vibao vyake vya kujengea.

BabaWaPacha, la redio nimelikubali nusu. Asubuhi taarifa moja, wakirudi shule ni muziki.

Limebaki la binti. Mwalimu, hilo la "kwa nini hakuna anayezuia" nalijibuje bila kumdanganya?

MwalimuMstaafu:

Mjibu kwa ukweli wenyewe, miaka 13 anauweza. Mwambie kuna Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lina wanachama 15, na watano kati yao ni wa kudumu: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Mmoja wa hao watano akipinga, azimio limekufa hata wengine wote wakikubali.

Mpe na mifano, maana mifano ndiyo anayoitafuta. Februari 25, 2022 Urusi ilipinga azimio kuhusu uvamizi wake yenyewe nchini Ukraina. Desemba 8, 2023 Marekani ilipinga azimio la kusitisha mapigano Gaza, wanachama 13 wakiwa wameliunga mkono. Novemba 18, 2024 Urusi ikapinga la Sudan, wenzake 14 wote wakiwa wamekubali. Kwenye Baraza Kuu, ambako kila nchi ina kura moja na hakuna wa kupinga peke yake, Machi 2, 2022 nchi 141 ziliitaka Urusi itoke Ukraina. Kura hiyo hailazimishi mtu, lakini ajue kwamba wanaosema hapana kwa uvamizi ni wengi na majina yao yameandikwa.

Atakuuliza kwa nini watano hao. Mwambie ilipangwa hivyo mwaka 1945, Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinamalizika, na kuibadilisha kunahitaji ridhaa ya haohao watano. Hapo atakasirika zaidi. Usiharakishe kumtuliza, mama. Muulize yeye angeandikaje kanuni hiyo, umpe karatasi.