Naomba ushauri: Kurudi Nairobi kutoka Longonot kwa matatu

Hamjambo wanachama. Jumamosi mimi na dada yangu tunapanda Mlima Longonot, na gari hatuna. Milima ya Ngong tumeizoea, unapanda matatu namba 111 na umefika. Longonot ndiyo inanitatiza. Mara ya mwisho tulitoka mjini saa tatu, tukafika getini jua kali, tukaishia ukingoni bila kuzunguka kreta, lile shimo la volkano kileleni (duara lenyewe ni kama kilomita 7). Kurudi ndiko kulituumiza: tulisimama barabarani hadi giza, kila matatu imejaa.

Wenye uzoefu, wakati wa kurudi ni afadhali kwenda kwanza Naivasha nikapandie stejini, au kuunga hadi Mai Mahiu? Na tukitoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, tutazunguka na kushuka kabla ya saa tisa? Dada hatembei haraka, msimcheke.