Fundi kaichokonoa lenzi kwa plaizi, kanitoza hela ya lenzi mpya, na lenzi ni ileile!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Nina duka dogo la steshenari hapa Morogoro. Fotokopi, kuchapa barua, na picha za pasipoti. Picha ndizo zinazolipa kodi ya fremu, na nazipiga kwa kamera ndogo ya dijitali, zile ambazo ukiwasha lenzi inatoka yenyewe mbele. Wiki iliyopita mteja alikuja na mtoto, mtoto akavuta kamba ya kamera iliyokuwa inaning'inia mezani. Kamera ilikuwa imewashwa, lenzi iko nje, ikatangulia lenzi kwenye sakafu ya sementi. Simlaumu mtoto wala mama yake.

Nilipoiokota lenzi ilikuwa imetoka nusu, imeinama kidogo upande wa kushoto. Nikabonyeza kuwasha: krrr, krrr, mlio mara tatu, maandishi kwenye skrini kwamba lenzi ina hitilafu, ikazima. Nikarudia kama mara nne. Hapo nilikosea na nakubali, maana kila ukiwasha, kile kimota cha ndani kinasukuma gia za plastiki wakati lenzi imekwama. Picha hazikupotea, kadi niliitoa nikaisoma kwenye kompyuta.

Nikampelekea fundi mmoja mjini, simtaji. Akaigeuzageuza, akasema, "Hii ndogo tu dada, elfu kumi na tano, njoo saa kumi." Saa kumi nafika, wimbo umebadilika. "Dada, lenzi imekufa. Inabidi niweke nyingine, elfu themanini." Nikamwambia nina sitini. Akakubali palepale, hata hakuvuta pumzi, na mimi kwa shida ya kamera sikujiuliza kwa nini. Kesho yake nikaichukua. Ikawaka, lenzi ikatoka, ikarudi. Nikalipa elfu sitini taslimu.

Dukani nikapiga mteja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa mteja wa sita ikalia krrr na kukwama tena, tena imeinama upande uleule.

Sasa sikilizeni. Kamera yangu ilikuwa na kidoa kidogo cheusi kwenye kona ya juu kulia ya kila picha. Ni vumbi liliingia ndani likakaa juu ya sensa, yaani kile kidude cha ndani kinachonasa picha, na mimi mwaka mzima nimekuwa nikikikata kwenye kompyuta kabla ya kuchapa. Nikafungua zile picha tano za baada ya matengenezo. Kidoa kipo. Kona ileile, ukubwa uleule. Kwenye kamera yangu sensa imefungwa mgongoni mwa lenzi. Ukibadilisha lenzi inakuja kizima, na mirija yake, na kimota chake, na sensa yake. Sasa hiyo lenzi mpya ilikuja na vumbi langu?

Nikarudi na picha mkononi. Nikamuuliza lenzi ya zamani iko wapi. "Nimetupa." Umetupa wapi? Akanionyesha ndoo iliyojaa vioo vya simu vilivyopasuka. Hakuna hata kipande cha kamera. Nilipomwonyesha kidoa akaanza kupandisha sauti mbele ya wateja wake, eti vitu vya umeme havina garantii, eti nimeiangusha tena. Wakuu, nimefanya biashara miaka saba. Kuibiwa kunauma, lakini kuitwa mwongo na aliyekuibia, mbele za watu, kunauma zaidi.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio. Nikamwamkia, akaipokea kwa mikono miwili. Alipotoa skrubu hakugusa chochote ndani. Akachukua balbu ya nyumbani yenye nyaya mbili, akazigusisha kwenye kapasita ya flashi, balbu ikamweka mara moja ikazima. "Huu umeme unakaa humu hata betri ukiitoa, binti yangu, unafika volti 300. Ungetia kidole ungenikumbuka." Halafu akanipa kioo cha kukuzia.

Nikaona kwa macho yangu. Kwenye ukingo wa mrija wa lenzi kuna alama za meno ya plaizi, pande mbili zinazotazamana. Mrija ule una vipini vitatu vya plastiki, vidogo kuliko punje ya mtama, vinavyotembea kwenye mifereji. Kamera ilipoanguka, kipini kimoja kilichomoka kwenye mfereji wake. Basi. Mzee anasema angeusukuma taratibu kwa vidole gumba upande ulioinama, kingerudi kwa mlio wa "tik" na mimi ningeenda zangu. Yule bwana akaubana kwa plaizi akauzungusha kwa nguvu. Kipini kimekatika, na gia moja imeliwa meno mawili. Sasa kweli inahitaji lenzi nyingine. Aliiua yeye mwenyewe, kisha akanidai hela ya maziko.

Kwa sasa napiga kwa simu. Lakini simu ukiisogeza karibu na uso pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, wateja wanakataa picha, na wana haki. Jana wanafunzi wanne waliokuja na fomu zao za kujiunga na shule nimewaelekeza duka la jirani. Nimewatazama wakiingia kule.

Kama yako imeanguka leo, nakuomba usiwashe tena. Toa betri, puliza utoe vumbi na mchanga kwenye ule mwanya wa lenzi, iangalie kwa pembeni kama imeinama. Mafuta usitie kabisa, yatafika kwenye vioo. Na ukimpa fundi, baki hapohapo mpaka aifungue.

Ninachoomba kwenu ni mambo mawili. Kwanza, nani amewahi kumpeleka fundi Mahakama ya Mwanzo kwa hela kama hizi? Nina picha zenye kidoa, nina ujumbe wake wa simu unaosema "lenzi mpya tayari dada njoo na 60", na mzee wa redio amekubali kuja kueleza alichokiona. Risiti ndiyo sina, hakunipa. Je, huo ujumbe unatosha?

Pili, kama kuna mwenye kamera ndogo iliyokufa skrini au betri lakini lenzi inatoka na kurudi vizuri, anitumie picha yake inbox. Ikiwa ni aina ya yangu nainunua leo hii, na mzee yuko tayari kuhamisha.