Nitajuaje mkandarasi wa taa za dharura ana uthibitisho wa kweli? (Uingereza)

MsimamiziLeicester:
Wadau, habari zenu. Ninasimamia jengo la ofisi la ghorofa 3 hapa Leicester. Bodi inataka mkandarasi wa taa za dharura aliyethibitishwa na chombo huru. Nimepokea bei 3, na kila barua ina nembo chini. Nembo ipi ina uzito, na nikague nini kabla ya kusaini?

FundiLuksi:
Mkuu, kwa taa za dharura mpango wenyewe wa uthibitisho ni SP203-4 wa BAFE, shirika linalosajili kampuni za usalama wa moto Uingereza. Itazame sana hiyo namba ya mwisho, maana SP203-1 ni ya kengele za moto, na mtu anaweza kuwa nayo hiyo tu huku anakupigia bei ya taa. Wanaokwenda kukagua kampuni ni vyombo vya uthibitisho kama NSI na SSAIB, navyo vimeidhinishwa na UKAS, chombo cha taifa kinachoidhinisha wakaguzi wenyewe. Fungua rejesta kwenye tovuti ya BAFE, andika jina la kampuni kama lilivyo kwenye barua ya bei, kisha soma moduli zake, yaani sehemu za kazi alizothibitishwa: usanifu, ufungaji, uhakiki, matengenezo. Mwenye matengenezo peke yake asikuchoree mfumo mpya.

Usajili wa kawaida wa fundi umeme ni mzuri, ila hauonyeshi kama anaijua BS 5266-1, kiwango cha Uingereza cha taa za dharura. Na sheria ya usalama wa moto ya 2005 bado inakubana wewe msimamizi, hata mkandarasi awe bora namna gani.

Ngazi_na_Korido:
Naongezea upande wa kazi yenyewe. Siku ya makabidhiano, nenda kwenye ubao wa swichi za umeme, shusha swichi ya saketi ya taa za korido moja tu, uache nyingine zote. Taa ya dharura ya korido hiyo lazima iwake. Isipowaka, ameivuta kutoka saketi nyingine, kosa baya kwelikweli: korido itaingia giza na taa yako itabaki imelala kwa sababu yenyewe bado inapata umeme.

Pia dai vipimo vya mwanga kwa kila njia ya kutokea. Katikati ya njia, usawa wa sakafu, isipungue luksi 1 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika sakafuni). Eneo kubwa la wazi, luksi 0.5. Asikuletee "inatosha".

MsimamiziLeicester:
Shukrani sana. Jaribio la mwaka nilipange lini? Watu wanaingia Jumatatu saa 2 asubuhi.

FundiLuksi:
Jumamosi asubuhi. Kata umeme saa 2, ziwake kwa muda wa saa tatu nzima mpaka saa 5, halafu rudisha umeme. Betri zinahitaji saa 24 kujaa, kwa hiyo Jumapili saa 5 asubuhi ziko tayari. Usikubali jaribio la Jumatatu mchana, jengo litalala na betri tupu. Jengo lisilofungwa kamwe, jaribu taa moja uruke moja, zilizobaki siku nyingine.

Jaribio la kila mwezi ni la muda mfupi, kuona tu kama inawaka. Betri iliyochoka hulipita hilo kisha inazima dakika ya 40. Kwa hiyo daftari liwe na namba ya kila taa na dakika iliyozimikia. Betri za nikeli-kadimiamu hutengenezwa zidumu kama miaka 4. Mwambie fundi aandike tarehe ya kufunga juu ya betri yenyewe, kwa kalamu isiyofutika.